Huwezi kuomba kitabu ambacho haujui kama kiko

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Lubumbashi, siku ya kikao juu ya maktaba ya watu wote



Tunajua kama wengine wametoka Katuba na Ruashi na miguu, na wengine wamefunga kwanza meza yao ya kuuza unite ili wasikie mambo ya mabuku. Mara nyingi tunawaita hapa kwa ajili ya maji, ya umeme, ya barabara. Safari hii tulipotuma ujumbe, mmoja wetu alijibu katika grupe: «Muko na njaa, muko chomeri, na munatafuta buku?» Ndiyo, ndugu yetu. Tuko na njaa, tuko chomeri, na tunatafuta buku. Tutaeleza sababu.

Tangu miezi mitatu, kila siku ya posho, tunaingia watu sita ao saba katika maktaba moja ya mji huu. Si kubwa. Vyumba viwili, bati juu, madirisha yenye vyuma. Jina lake tunaliacha, kwani mama anayeilinda ametuomba tusimletee watu mia tatu kwa siku moja. Iko na viti kumi na viwili tu. Lakini ile maktaba iko na jambo moja ambalo hatukulipata pengine: unapita mwenyewe kati ya etajeri. Unatoa buku, unafungua katikati, unasoma kurasa mbili umesimama, haikupendezi, unarudisha, unatoa ya pembeni. Hakuna mtu anayekuuliza unatafuta nini.

Pengine inafanyika namna gani? Unafika kwenye gishe. Wanakupa fishi. Unaandika jina la mwandishi, jina la buku, namba. Mtu anaingia nyuma, anarudia: «Haiko.» Ao anarudia na buku, unaisoma mbele ya macho yake. Ni desturi ya zamani ya kulinda mali, na tunaielewa, juu mabuku yanaibiwa na kurasa zinakatwa na wembe. Lakini muangalie matokeo yake. Huwezi kuomba kitabu ambacho haujui kama kiko. Mtoto wa Kampemba ambaye nyumbani kwao kuna Biblia moja na kalenda ya mwaka jana, atatoa wapi jina la kuandika juu ya fishi? Fishi inamsaidia yule ambaye tayari anajua. Sisi wengine inaturudisha nyumbani, na tunarudi tukifikiri kama maktaba haina kitu.

Na masomo hayakutufungulia njia ile. Tumesoma na silabusi. Munaijua: fotokopi ya fotokopi, maneno ya mwisho wa mstari yamekatwa, unainunua kwa asistenti juu unaogopa pointi zako. Katika kundi letu kuna wenye diplome ya sheria, ya uchumi, ya kilimo. Siku moja tulihesabu mabuku ambayo kila mmoja alisoma toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho kwa ajili ya masomo yake, miaka yote mitano. Hatutasema hesabu hapa, wazazi waliouza mbuzi na kiwanja kwa ajili yetu wanaweza kuisikia.

Basi, tuseme tulichokuta katika zile etajeri.

Kwanza tulicheka. Mabuku mengi pale yalikuja na kontena kutoka Ulaya, kama zawadi. Kuna buku ya kufundisha watu kuteleza juu ya theluji. Kuna tatu za Windows 95. Kuna romani nyingi za mapendo, daktari mzungu na mfanyakazi wa hospitali wanaangaliana kwenye jalada, na hizo, tusidanganye, njo zinasomwa sana, zote zimechakaa. Kuna mabuku ya kontabilite ya mbele inchi yetu haijaingia katika OHADA, mwaka wa 2012. Mtu akijifunza hesabu mule ndani, watamfukuza kazi siku ya kwanza. Kama amepata kazi. Hatudharau zawadi, lakini mtu anatoa kile ambacho hakihitaji tena, na mji unaongojea kontena unasoma kile ambacho wengine wamechoka nacho.

Halafu mama yule hapangi mabuku kufuata somo. Anapanga kufuata urefu, ili etajeri ionekane safi. Romani iko pembeni ya sheria, sheria pembeni ya mashairi, mashairi pembeni ya ugonjwa wa kuku. Mwenye kusomea kazi ya maktaba angelia machozi. Kwetu ilikuwa bahati. Siku moja mwenzetu alivuta mchezo wa kuigiza wa Aimé Césaire, Une saison au Congo, wa mwaka wa 1966, juu ya Lumumba. Pembeni yake, urefu uleule, kulikuwa kitabu cha Ludo De Witte juu ya kuuawa kwa Lumumba. Kimoja ni cha kubuni, kimeandikwa na mtu wa Martinique, mshairi. Kingine ni cha uchunguzi, kimeandikwa na Mbelgiji aliyepekua barua na telegramu za wakubwa wa inchi yake. Tulivisoma vyote viwili, tukipokezana, kwa wiki tano. Yule wa mashairi alitupa sauti ya mtu. Yule wa makaratasi alitupa majina, saa, na nani alimwandikia nani.

Na tukumbuke tuko wapi. Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961, si mbali na hapa tulipokaa, wakati mji ungali unaitwa Elisabethville. Tumekulia juu ya udongo huu. Jina lake tulilijua kama jina la siku ya kutokwenda shule. Tulichokuwa hatujui ni kazi ambayo buku inaweza kufanya. Kitabu cha De Witte kilitoka mwaka wa 1999, kwa Kiflamand. Mwaka uliofuata bunge la Ubelgiji likaunda tume ya uchunguzi. Mwaka wa 2001 tume ikasema kama wakubwa fulani wa Ubelgiji wa wakati ule wako na madaraka mbele ya dhamiri, katika mambo yaliyoleta kifo kile. Februari 2002 serikali yao ikaomba radhi. Na Juni 2022 jino la Lumumba, kile kipande cha mwili wake kilichobakia, likarudishwa kwa watu wake. Hatusemi buku ilifanya yote. Watoto wake walipigana, walifikisha kesi mahakamani Brussels. Lakini kama hakuna mtu aliyekaa na makaratasi akayatoa inje, wangeanzia wapi?

Mtu mmoja katika kundi aliuliza kwa hasira: kwa nini ni Mbelgiji? Wakongomani hawaandike? Wanaandika. Isidore Ndaywel è Nziem aliandika Histoire générale du Congo, ikatoka 1998, buku nene ya kuwekea mlango usifunge na upepo. Georges Nzongola-Ntalaja aliandika historia ya watu wa inchi hii, toka Leopold mpaka Kabila, kwa Kiingereza, mwaka wa 2002. Ya kwanza tuliikuta katika etajeri ya chini, ile ya mabuku marefu. Ya pili tuliikuta kwa jina tu, kwenye kurasa za mwisho za kitabu kingine. Njo vile inavyokwenda. Buku moja inakuonyesha ingine, lakini lazima ya kwanza ikufikie mkononi.

Kitu kingine tulikipata siku mvua ilitufungia ndani mpaka saa kumi na moja. Kati ya buku ya kupika mikate na romani ya polisi, kulikuwa kijitabu chembamba, hakina hata jalada: sheria ya madini, ile iliyogeuzwa tarehe 9 Machi 2018. Tukafungua kifungu cha 242. Pale panasemwa namna ya kugawanya malipo ambayo kampuni inatoa juu ya madini inayouza: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekteri ao sheferi ambamo kazi ya madini inafanyika, na 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Mwenzetu wa uchumi alikuwa anajua habari ile. Aliisikia mara nyingi kwenye redio. Lakini hakuwahi kushika maneno yenyewe, na vidole vyake.

Tulikisoma kifungu kwa sauti mara tatu. Mzee mmoja aliyekuwa anasoma gazeti akainua miwani, akatuuliza: «Ile kumi na tano, inafika?»

Hatukuwa na jibu. Lakini tulitoka pale na swali lenye namba. Munajua tofauti yake, nyinyi mulioandamana pamoja nasi. Ukienda kwa mkubwa ukasema «munakula pesa yetu», anacheka, anakuambia siasa si ya watoto. Ukienda ukasema «kifungu cha 242, asilimia 15, mwaka fulani, tunaomba kuona hesabu», analazimika kutafuta karatasi, ao kukuonyesha kwamba hataki kuitafuta. Yote mbili ni jibu.

Na pale pale, kwa sababu ya urefu, Katiba ilikuwa jirani. Kifungu cha 142 kinasema kama Serikali inapaswa kusambaza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 toka sheria itangazwe. Lugha nne munazijua: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Tukamuuliza mama: «Sheria ya madini kwa Kiswahili, iko?» Alituangalia kama watu waliomuuliza bei ya mwezi.

Tukaamua kuhesabu kila kitu cha Kiswahili katika vyumba vyote viwili. Biblia nne, vitabu vya nyimbo vya kanisa tatu tofauti, kijitabu cha kujikinga na kipindupindu, na hadithi moja tu: Kusadikika ya Shaaban Robert wa Tanganyika, iliyotoka 1951. Jalada limeanguka, limeshikwa na kamba. Mule ndani kuna kijana anaitwa Karama, anashitakiwa mbele ya mfalme. Kosa lake? Alitaka watu wafundishwe sheria. Tulipofika pale tukisoma kwa pamoja, mmoja wetu aliyelala mara mbili kwenye kasho kwa ajili ya kugawa makaratasi alisema: «Huyu namjua.» Miaka mingi imepita, ni inchi ingine, tena inchi ya kubuni inayoelea hewani, na kijana wa Kamalondo anasema namjua.

Kuna watu wanasema romani ni kupoteza wakati, tusome mambo ya kweli. Tunawauliza: mumesoma Tram 83? Mwandishi wake, Fiston Mwanza Mujila, amezaliwa hapa hapa Lubumbashi, mwaka wa 1981. Buku ilitoka Paris 2014, imegeuzwa katika lugha nyingi. Hakuna jina la mji ndani yake, lakini kuna migodi, reli, wanafunzi wanaogoma, baa isiyofungwa, kila mtu anatafuta kitu cha kuuza. Katika kundi letu yuko ndugu aliyechimba miaka miwili na wakreseri upande wa Kolwezi, mbele ya kurudia masomo. Ripoti za madini amezisoma; ziko na tani na dola. Hii romani aliisoma usiku tatu, akasema ripoti hazina makelele, hii iko na makelele. Alitaka kusema kama alisikia mule ndani watu aliowaacha kwenye shimo. Ripoti inakupa namba ya kumuuliza mkubwa. Lakini nani atakukumbusha ile namba ni watu? Sisi tunataka zote mbili, na hatutaki mtu atuchagulie.

Tena nakopi ya ile Tram 83 ilikuwa ya mtu binafsi, si ya maktaba. Romani ya mtoto wa mji huu, katika mji huu, tuliiazima kwa rafiki wa rafiki kwa siku tano, na jina letu likaandikwa katika kaye yake kama la mdeni.

Lakini iliyotuumiza zaidi ni hii. Kiswahili cha Shaaban Robert ni kizuri, ila tulikuwa tunaulizana maneno. Tukajisemea: je, kuna historia iliyoandikwa na Kiswahili chetu, kile cha hapa? Iko. Mwaka wa 1965, André Yav, aliyekuwa boyi wa wazungu, aliandika pamoja na chama cha watumishi wa nyumba wa zamani historia ya mji huu. Inajulikana kama Vocabulaire ya mji wa Elisabethville. Ni kurasa chache zilizopigwa na mashini, bila shule ya lugha, maneno yameandikwa kama yanavyosikika. Ni historia ya mji toka upande wa jikoni: Leopold na kampuni za shaba, namna wafanyakazi walivyoletwa, majina ambayo watu waliwapa wazungu, chakula, fimbo, mishahara. Wale ambao waliambiwa hawana historia, walikaa wakaiandika.

Iko wapi leo? Mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, aliichapisha mwaka wa 1990, Amsterdam, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Tunamshukuru, bila yeye huenda ingeliwa na mchwa. Lakini muone safari yake: maneno ya wababu zetu wa Kamalondo na Kenya (komini yetu, si inchi ya majirani) yamepanda ndege mpaka Ulaya, na sisi wajukuu tuliyasikia mara ya kwanza kwa sababu mwandishi mwingine aliyataja chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Fabian huyo huyo alimnunulia mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, hapa Lubumbashi, miaka ya 1973 na 1974, michoro karibu mia moja inayosimulia historia ya inchi yote. Nayo iko katika buku iliyotoka Marekani 1996.

Sasa, kuna anayesema: «Yote hiyo iko kwenye simu.» Ni kweli kwa sehemu. Ile Vocabulaire iko kwenye intaneti, bure. Tumeisoma pale, tukichangishana mega. Lakini simu nayo ni gishe. Inakuuliza: unatafuta nini? Unaandika, inakuletea kile ulichoandika, na vingine vinavyofanana na vile ulivyopenda jana. Hakuna mtu kati yetu aliyewahi kuandika «Vocabulaire Elisabethville» mbele ya kusikia kama iko. Simu tunaihitaji. Etajeri tunaihitaji pia, kwa ajili ya vile ambavyo hatujui jina.

Tunachoomba, basi, ni maktaba ya mji, ya watu wote, si ya chuo wala ya kanisa, ambamo msichana anayeuza maandazi na mwanafunzi wa dokta wanaingia kwa mlango mmoja. Etajeri wazi. Wakiogopa wezi, waweke makabati ya kuachia mifuko kwenye mlango. Inafanyika katika magazini ya vyakula, wanalinda sardini namna ile, waweza kulinda na mabuku. Ifunguliwe mpaka usiku, na siku ya posho, na siku ya Mungu mchana, kwani maktaba inayofunga saa tisa ni ya watu wasio na kazi tu, na sisi hatutaki kubakia watu wasio na kazi. Iwe na mstari wake katika bajeti ya mji, tuuone kwa macho. Pesa itoke wapi? Kifungu cha 242 tumekisoma.

Hatutaki nyumba yenye jina la mkubwa juu ya mlango, wanakata utepe, wanapiga foto, na ndani ni Larousse mbili na picha yake.

Na mabuku ya Kiswahili yanunuliwe. Msituambie ni mbali. Kila siku malori yanapita Kasumbalesa na shaba yetu na kobalti yetu, yanateremka mpaka Dar es Salaam. Yanarudia na vitu tele. Dar es Salaam wanachapa mabuku ya Kiswahili tangu siku nyingi. Katoni tatu hazitavunja lori. Na sheria, zile ambazo Katiba inasema zitusomwe katika lugha yetu, ziwekwe pale, ya kwanza ikiwa ya madini. Wenzetu watatu wa sheria wameanza kugeuza kifungu cha 242 wenyewe. Wamekwama kwenye neno la kwanza, redevance. Mwenye kujua namna nzuri ya kulisema kwa Kiswahili cha hapa, awaone baada ya kikao.

Mambo ya leo ni matatu, halafu muende mbele mvua haijanyesha. Barua kwa meya iko juu ya meza pale nyuma. Musome kwanza, musisaini kitu ambacho hamujasoma, hata kama ni chetu. Kila komini inachagua watu wawili watakaopita kwa burugumestri kuuliza kama kuna chumba cha bure kinachoweza kutumika kuanzia sasa. Na wale wanaotaka kuja maktaba pamoja nasi, waandike jina kwenye kaye ya dada aliye kwenye mlango: sita kwa sita, kila siku ya posho, saa nane. Nafasi za wiki mbili zinazokuja zimejaa tayari. Muje na kalamu na karatasi. Mama hataki chakula ndani, na hataki tena mtu aulize mabuku ya mapendo yako upande gani. Yako chini, kushoto, pembeni ya Katiba.